FAWN BRODIE: MWANDISHI ALIYEFUATA USHAHIDI

Polisi aandikapo maelezo ya shahidi, na askari wa doria atoapo taarifa kwa mkuu wake, wote wawili wana wajibu mmoja: kueleza yaliyothibitika, si yanayopendeza. Leo twamweleza mwanamke aliyeutimiza wajibu huo katika uandishi wa historia.

Fawn McKay Brodie alizaliwa mwaka 1915 mjini Ogden, jimbo la Utah, Marekani, katika ukoo mashuhuri wa Wamormoni. Baba yake mkubwa, David O. McKay, baadaye alikuwa Rais wa Kanisa hilo. Mwaka 1945 Fawn alitoa kitabu cha maisha ya Joseph Smith, mwasisi wa Kanisa. Alikuwa amepekua magazeti ya kale na hati za mahakama, akayaandika hata yale yaliyopingana na mafundisho aliyolelewa nayo. Mwaka uliofuata Kanisa lilimtenga. Ilikuwa gharama kubwa, lakini hakuyakana maandishi yake.

Mumewe, Bernard Brodie, alikuwa mtaalamu wa mikakati ya vita vya nyuklia. Mwaka 1962 walitoa pamoja kitabu cha historia ya silaha, tangu upinde hadi bomu la haidrojeni. Mwaka 1967 Fawn alichapisha maisha ya Richard Burton, Mwingereza aliyetoka Zanzibar mwaka 1857 akafika Ujiji mwaka 1858.

Kitabu kilichozua mabishano makali kilitoka mwaka 1974, juu ya Rais Thomas Jefferson. Fawn alishikilia kwamba Jefferson alizaa na mtumwa wake, Sally Hemings. Kama mpelelezi hodari, alilinganisha tarehe: kila mtoto alipotungwa mimba, Jefferson alikuwapo nyumbani kwake Monticello. Wanahistoria wakubwa walimkejeli, wakisema anabuni mawazo ya marehemu. Kweli, mara nyingine alikisia mno yaliyo moyoni mwa watu. Lakini mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilihusisha ukoo wa Jefferson na kizazi cha mwana mmoja wa Sally, na wanahistoria wengi wakaikubali hoja yake.

Fawn hakuyashuhudia hayo. Alifariki Januari 1981. Nasi tulio katika utumishi wa ulinzi na usalama tuzingatie jambo hili. Taarifa ya uongo humfurahisha mkuu kwa siku moja, kisha hupeleka kikosi mautini au asiye na hatia gerezani. Taarifa ya kweli huweza kumgharimu mwandishi wake, lakini hubaki.