Istilahi za Tiba ya Moyo: "Pamoja na" si "Badala ya"

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya kijitabu cha wagonjwa wa moyo ili tuithibitishe. Mfasiri aliandika kwamba mgonjwa mwenye "kushindwa kwa moyo" huwekewa kifaa cha umeme "badala ya tiba ya dawa peke yake". Sarufi haina kasoro, lakini atakayeishia kwenye "badala ya tiba ya dawa" atatupa vidonge vyake.

Tuanze na jina la ugonjwa. Moyo huo haujasimama. Ungali unasukuma damu, ila kwa nguvu haba, hata miguu huvimba na pumzi huwa fupi. Kwa Mswahili aliyeshindwa amekwisha, na kufa moyo ni kukata tamaa. Twapendekeza *udhaifu sugu wa moyo*. Kwa "sugu" hatukusudii ugonjwa usiosikia dawa, bali ule wa kudumu.

Kifaa chenyewe ni *kirekebisha mapigo*. Cha kwanza kupandikizwa mwilini mwa binadamu kilipandikizwa Uswidi mwaka 1958, kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulipiga polepole mno. Kilichobuniwa baadaye kwa udhaifu wa moyo hupeleka umeme pande zote mbili, upande uliokuwa ukichelewa ukakaza pamoja na mwenziwe. Tendo hilo tumeliita *uoanishaji wa mapigo*. "Ulinganishaji" tuliukataa, kwani kulinganisha ni kutafuta tofauti pia.

Sasa kiini cha jambo. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu hupunguza kasi ya mapigo, na ikiwa mapigo ni machache tangu hapo, daktari husita kuongeza kipimo. Kifaa kikizuia mapigo yasishuke, kipimo chaweza kupandishwa. Aidha, uchunguzi wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 813, haukushindanisha kifaa na dawa: wote walipewa dawa, na nusu hivi wakaongezewa kifaa. Katika kundi lenye kifaa walifariki 20 kwa mia. Katika lile la dawa tu, 30 kwa mia.

Wengine wangependa "tiba mseto". Lakini "dawa mseto" limekwisha kuzoeleka katika malaria, ambako dawa huchanganywa katika kidonge kimoja. Hapa hakuna kinachochanganywa. Kifaa huambatana na dawa. Kwa hiyo tumechagua *tiba ambatani*, na sentensi ya kijitabu tumeiandika upya: "Mgonjwa aliyewekewa kirekebisha mapigo ataendelea kumeza dawa zake kama alivyoagizwa na daktari."