Wanashindana au Wanasindikizana?



Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, hupita hapa Boko vijana wa baiskeli za mbio wakielekea Bagamoyo. Wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana ambazo bibi zetu wa jumuiya bado hawajazizoea. Huenda kwa mstari mmoja, gurudumu la huyu karibu liguse la yule. Aliye mbele akichoka husogea pembeni, wenzake wakampita, naye akajiunga mkiani. Wiki chache zilizopita nilisimama kando ya barabara na mama mmoja wa WAWATA. Akawatazama mpaka wakapotea upande wa Bunju, kisha akaniuliza: "Baba Paroko, hao wanashindana au wanasindikizana?"

Nilimjibu kwamba ni yote mawili. Akacheka, akadhani nimekwepa swali. Leo nijaribu kumjibu vizuri zaidi.

Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli si mpinzani wake, ni upepo. Anayekwenda nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, na yule wa mbele ndiye anayeumia. Ndiyo maana katika mbio kubwa kama Tour de France, zinazochukua wiki tatu, watu huenda kwa timu. Mmoja ni kiongozi. Waliobaki humkatia upepo, humletea maji kutoka kwenye gari la timu, na akipata pancha humpa gurudumu lao au hata baiskeli nzima. Wafaransa wana neno kwa watu hao, nalo maana yake ni mtumishi wa nyumbani. Lilianza kama tusi. Mwaka 1911 mwanzilishi wa mashindano hayo, Henri Desgrange, alimwita hivyo mkimbiaji Maurice Brocco kwa sababu alimsaidia mwenzake. Desgrange aliamini kila mtu apambane peke yake. Leo neno hilo ni jina la kazi ya heshima, na kwa desturi kiongozi akishinda, fedha za zawadi hugawanywa kwa timu yote.

Hapo hakuna ugumu kuelewa. Mnyonge kumtumikia mwenye nguvu, dunia imezoea. Ugumu huanza pale mtumishi anapokuwa na nguvu kuliko bwana wake.

Hilo lilimpata kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uingereza, lakini baiskeli alifundishwa Kikuyu na David Kinjah, kiongozi wa kikundi cha Safari Simbaz, na alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006. Mwaka 2011, katika mbio za Hispania, alikuwa mtumishi wa Bradley Wiggins. Katikati ya mashindano akajikuta anaongoza yeye. Katika hatua iliyofuata, badala ya kuilinda jezi yake, akafanya kazi ya kumvuta Wiggins mlimani, na jezi ikahamia kwa Wiggins. Mwisho wa yote Froome akawa wa pili, Wiggins wa tatu. Aliyeshinda, Juan José Cobo, alimzidi Froome kwa sekunde 13 tu. (Miaka minane baadaye Cobo alivuliwa ushindi kwa kosa la dawa zilizokatazwa, Froome akapewa. Mchezo huu nao una dhambi zake, nisije nikawachorea malaika.)

Mwaka 2012 wakarudi Ufaransa, Wiggins akiwa kiongozi tena. Kwenye mlima wa La Toussuire, Froome alichomoka mbele. Wiggins akabaki. Amri ikaja kwa redio masikioni: msubiri. Akapunguza mwendo, akasubiri. Siku kadhaa baadaye, wakipanda Peyragudes, mambo yakawa yale yale. Froome anatangulia kidogo, anageuka, anampungia mkono bwana wake aje, anageuka tena. Alejandro Valverde, aliyekuwa mbele yao, akashinda siku hiyo kwa sekunde 19. Wengi tuliotazama tuliamini Froome angemkamata. Jijini Paris Wiggins akawa Mwingereza wa kwanza kushinda Tour de France, Froome wa pili.

Napenda habari hii kwa sababu Froome hakutii kwa tabasamu. Ule mkono wake ulionekana na dunia nzima, na maneno yakawa mengi. Lakini alisubiri.

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Yakobo na Yohane wanaomba viti vya kulia na kushoto katika utukufu. Tukihubiri hapo huwa tunawasema hao wawili. Mimi huwatazama wale kumi waliokasirika. Walikasirika kwa nini, kama si kwamba nao walivitaka viti hivyo hivyo?

Nawajua wale kumi kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Miaka ya mwanzo ya upadre nilikuwa paroko msaidizi mahali fulani mbali na hapa, chini ya mzee mmoja mpole, mzito wa kuongea. Waamini walianza kuulizana misa ipi ni ya padre kijana. Nilijua, na nilifurahi. Siku moja kwenye kikao cha halmashauri ya parokia mzee alikosea hesabu za ujenzi. Nikamsahihisha mbele ya wote, kwa sauti, nikataja tarakimu moja baada ya nyingine. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Mzee alivua miwani, akaifuta, akasema, "Asante, padre," na hakusema neno tena mpaka sala ya kufunga. Ningeweza kumnong'oneza. Ningeweza kusubiri tufike nyumbani. Alifariki kabla sijamwomba radhi.

Sasa mambo yamegeuka. Nimevuka hamsini, goti linaniuma kwenye ngazi za altare, na ninaye padre msaidizi anayehubiri vizuri kuliko mimi. Nasema hivyo bila unyenyekevu wa bandia. Nimekaa nyuma nikamsikiliza. Watu wameanza kuhamia misa yake. Mwezi uliopita alinigongea mlango usiku. "Shikamoo, Baba Paroko. Naona misa ya pili ina watu wengi, wewe ndiye uichukue, mimi nitaamka kwa ile ya alfajiri." Nikamwitikia marahaba na kumkubalia. Alipoondoka ndipo nikaelewa kijana amefanya nini. Alikuwa amegeuka mlimani kunitazama.

Kusubiriwa nako kuna ugumu wake, na wanaohubiri juu ya utumishi hatuugusi. Siku ile Peyragudes, nadhani Wiggins na wakubwa wa timu wangeweza kumwambia mwenzao aende. Jezi ya njano ilikuwa salama, milima mikubwa ilikuwa imekwisha. Neno moja kwenye redio lingetosha.

Ratiba ya Krismasi iko mezani kwangu. Misa ya mkesha, ambayo kila mwaka nimekuwa nikijiandikia mimi, nimefuta jina langu na kuandika lake. Bado sijamwambia.