Fahamu: Je, uhasama wa itikadi lazima uzae vita visivyokwisha?

Kila Marekani na China zinapovutana, wapo wanaosema ubepari na ukomunisti havipikiki chungu kimoja. Historia inaonyesha vingine.

Itikadi moja, risasi zikalia

Machi 1969, wanajeshi wa Kisovieti na wa China walipigana kwenye kisiwa kidogo cha Zhenbao, ndani ya Mto Ussuri. Wote walikuwa wakomunisti. Februari 1972, Rais wa Marekani Richard Nixon, mpinzani mkubwa wa ukomunisti, alishuka kwenye ndege Beijing na kumpa mkono Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai. Itikadi zilibaki zilezile, ila wote wawili waliihofia Moscow.

Nini huzuia moto?

Mawasiliano. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti nchini Cuba yaliifikisha dunia ukingoni mwa vita vya nyuklia, huku ujumbe wa viongozi ukichukua saa nyingi kufika. Mwaka 1963, Washington na Moscow zikaunganishwa kwa njia ya mawasiliano ya moja kwa moja. Haikuwa simu nyekundu ya kwenye filamu, bali mashine za maandishi, kila upande ukiandika kwa lugha yake.

Nani huumia?

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Angola, vilivyochochewa na silaha za Washington na za Moscow, vilianza 1975 na kukoma 2002, miaka 11 baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika.

Itikadi huchochea uhasama, lakini vita huamuliwa na watu. Watu haohao wanaweza kuvizuia.