Kiraka cha programu kikiangusha majaribio, mkaguzi afanye nini?

Kila mwezi, vituo vya afya vya zoni ya Minova vinatuma ripoti zao: wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa kolera, watoto wangapi wamechanjwa. Hapa Kongo, hesabu hizo zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2. Inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990.

DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwenye GitHub. Mtu yeyote anaweza kuusoma, hata akiwa Bukavu ao Goma, na kupendekeza sahihisho. Sahihisho hilo linaitwa kiraka.

Lakini kiraka hakishonwi hivi hivi. Kwanza kompyuta inakipitisha kwenye majaribio: maswali madogo ambayo jibu lake linajulikana tayari. Ni kama mizani ya soko letu. Ukiweka jiwe la kilo 1, mizani lazima ionyeshe kilo 1. Kisha mtu mwingine, mkaguzi, anasoma kazi.

Tuchukue mfano. Vituo 3 vinangojewa. Kimoja kimeandika wagonjwa 4 wa kolera, cha pili kimeandika 0, cha tatu hakikutuma kitu. Jaribio linangoja jibu hili: ripoti 2 kati ya 3. Mtu analeta kiraka cha kuongeza mwendo wa programu, lakini kiraka kile kinageuza nafasi tupu kuwa 0. Jibu sasa ni 3 kati ya 3. Jaribio linaanguka.

Hapo mkaguzi anajiuliza mambo matatu. Je, kiraka ndicho kibaya? Katika mfano wetu, ndiyo: kituo kilichonyamaza kinahesabiwa kama hakina kolera, na pengine kimenyamaza kwa sababu barabara imefungwa ao watu wamekimbia vita. Je, jaribio limezeeka, kwa sababu kanuni yenyewe imebadilishwa kwa makusudi? Basi jaribio linasahihishwa, na sababu inaandikwa wazi. Ao jaribio linaanguka leo na kupita kesho bila mtu kugusa kitu? Basi linajaribiwa pia bila kiraka, ili ijulikane kosa linatoka wapi.

Jambo lisilofaa ni kufuta jaribio ili kazi ipite. Hiyo ni kutupa jiwe la kilo na kuendelea kuuza kwa mizani mbovu.

Mkaguzi mzuri hamtukani aliyeleta kiraka. Anamwonyesha jaribio lililoanguka, jibu lililongojewa na jibu lililotoka, halafu anamwomba arudi na kiraka kilichorekebishwa. Na wewe kijana unayejifunza kompyuta, endesha majaribio kwako kwanza, mbele ya kutuma. Nyuma ya kila hesabu kuna mgonjwa anayengoja serumu.