Mtoki Usio na Kidonda

Mvuvi wa Mwigobero, Musoma, akichomwa mguuni na mwiba wa gogogo, siku ya pili hutokwa na mtoki kinenani. Haogopi. Tangu utotoni ameambiwa kuwa mtoki hufuata kidonda. Kidonda kikipona, nao hunywea. Wazee walisema kweli. Tezi za limfu ni vituo vya ulinzi wa mwili, na zikipambana na vijidudu huvimba.

Wa kushughulikiwa ni mtoki usio na kidonda. Msichana wa Bunda au Butiama anaota vinundu shingoni, ana homa na uchovu, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Daktari hufikiria kwanza kifua kikuu cha tezi na VVU, na hiyo ndiyo njia sahihi. Kisha saratani, ambayo mkoa huu wa Mara unaijua: kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili watafiti waone kama kuzuia malaria kungepunguza uvimbe wa Burkitt, saratani ya chembe za limfu.

Yapo pia magonjwa adimu. Mwaka 1972 huko Japani, Kikuchi na Fujimoto, kila mmoja kivyake, walieleza ugonjwa unaovimbisha tezi za shingo, hasa kwa wanawake vijana. Mara nyingi hupoa wenyewe baada ya miezi michache, ingawa baadhi ya wagonjwa baadaye hupata lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ugonjwa wa Castleman ni mkali zaidi: ukienea kwenye tezi nyingi, bila tiba unaweza kuua.

Ukizipapasa kwa vidole, tezi hizi hufanana. Kinachozitofautisha ni kipande cha tezi kilichokatwa, kikahifadhiwa kwenye fomalini na kusomwa kwa hadubini. Hapo ndipo familia nyingi husita: "Kikikatwa kitasambaa." Hofu hiyo naielewa, lakini kukata tezi kwa ajili ya kipimo hakusambazi ugonjwa. Kinachoumiza ni miezi inayopotea kwa chale na vidonge vya dukani. Hata dawa za steroidi, zikitangulia kipimo, zinaweza kuficha saratani.

Mtoki ukizidi wiki mbili, ukiwa mgumu, ukikaa juu ya mtulinga, au ukija na jasho la usiku na kukonda, nenda hospitali. Wazee walituachia swali jema: kidonda kiko wapi? Kisipoonekana kwa macho, tukubali kitafutwe kwa hadubini.