Barua ya chuo si viza: Nilichojifunza nikimsindikiza binamu yangu Gigiri

Siku binamu yangu alipokubaliwa na chuo kimoja cha Marekani, grupu ya familia ya WhatsApp iliwaka moto. Shangazi alituma vigelegele vya sauti, dakika mbili nzima. Mjomba akaandika: "Mungu ametenda, viza imetoka!" Kufikia jioni kuna mtu alikuwa ameshaagiza simu, na mwingine akauliza kama viatu vya huko ni bei rahisi.

Bana, hakukuwa na viza. Kulikuwa na barua ya kukubaliwa kusomea shahada ya uzamili, basi. Kati ya barua hiyo na kiti cha ndege kulikuwa na mwaka mmoja na nusu, machozi, harambee mbili, na wakala mmoja wa mjini aliyetaka Sh150,000 ili "aongee na chuo".

Kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda mtandaoni, familia ilinipa kazi ya kusoma zile karatasi. Ndiyo, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Mathe alisema angalau bando zangu zifanye kazi ya maana. Nikasoma. Na niliyoyasoma ndiyo nakuandikia, kwa sababu najua wewe pia una mtu kwenu anayengoja barua kama hiyo, au ni wewe mwenyewe.

Chuo hakitoi viza

Tuanzie hapo, maana hapa ndipo watu wengi huibiwa. Hakuna chuo duniani kinachotoa viza. Viza hutolewa na serikali. Kazi ya chuo ni kukudhamini, yaani kuiambia serikali ya nchi yake: huyu tunamjua, tumempa nafasi, tumeona atakayemlipia, na akifika tutamfuatilia.

Kwa Marekani, udhamini huo huja kwa karatasi. Mwanafunzi wa kawaida hupewa fomu inayoitwa I-20, ambayo ndiyo humwezesha kuomba viza ya F-1. Mtafiti, mhadhiri mgeni au mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana hupewa DS-2019, naye huomba viza ya J-1. Si kila shule inaweza kutoa karatasi hizi. Ya I-20 lazima iwe imeidhinishwa na idara ya usalama wa ndani ya Marekani, na ya DS-2019 iwe imeteuliwa na wizara ya mambo ya nje ya huko.

Ndani ya chuo kuna ofisi ya wanafunzi na wasomi wa kigeni, yenye maafisa waliopewa ruhusa ya kuingiza jina lako kwenye mfumo wa serikali unaoitwa SEVIS. Jina likishaingia, unapata nambari yako. Nambari hiyo ndiyo afisa wa ubalozi anaiona kwenye kompyuta, na ndiyo afisa wa uwanja wa ndege anaiona ukitua.

Lakini kabla ya chuo kukuandikia I-20, kitakuuliza swali moja: nani analipa? Lazima uonyeshe pesa za kutosha mwaka wa kwanza, karo pamoja na chakula na malazi. Zinaweza kuwa zako, za mzazi, za mfadhili, au za chuo chenyewe kupitia skolashipu au kazi ya usaidizi wa kufundisha.

Hapo ndipo wakala alipoingia. Alimwambia binamu yangu kwamba I-20 "huprosesiwa" kwa ada maalum. Uongo mtupu. Ofisi ya chuo ilikuwa imeshamwandikia barua pepe ikimweleza hatua zote bila kutaja wakala yeyote. Na pesa zikipungua, wakala alisema, kuna jamaa wa kutengeneza taarifa ya benki inayong'aa.

Nilitafuta hilo pia. Ukishikwa na karatasi ghushi mbele ya ubalozi, sheria ya Marekani inaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Hata ukija kuwa tajiri, hata ukiolewa huko, utaanza kwa kuomba msamaha maalum.

Dakika tatu dirishani

Tulifanya hesabu mezani, chai ikipoa. Ada ya SEVIS kwa mwanafunzi wa F-1 ni dola 350, kama Sh45,000. Kwa wengi wa J-1 ni dola 220. Ada ya kuomba viza ni dola 185, karibu Sh24,000, na hairudishwi hata ukinyimwa. Wajomba wakachanga. Mmoja akakubali kuwa mdhamini wa karo, akatoa taarifa zake za benki, halali kabisa. Chuo kikaandika I-20.

Siku ya mahojiano tuliamka saa kumi usiku, tukachukua matatu hadi Gigiri. Mimi nilibaki nje. Aliporudi sikuuliza, uso ulisema. Alikuwa ameshika karatasi yenye nambari 214(b).

Kifungu hicho kinasema hivi: kila anayeomba viza ya muda huhesabiwa kuwa anataka kuhamia Marekani moja kwa moja, mpaka amridhishe afisa kuwa sivyo. Mzigo ni wako. Afisa alimuuliza mjomba ana watoto wangapi. Wanne. Wote wanasoma? Ndiyo. Basi atakulipiaje wewe? Binamu yangu akababaika. Mahojiano yalichukua dakika tatu.

Kwenye matatu tukirudi aliniambia, "Unajua alichouliza ni kweli? Mjomba hangeweza." Nilinyamaza. Sote tulikuwa tunajua. Mjomba alikuwa ameweka jina lake kwa mapenzi, si kwa uwezo. Na mimi nilikuwa najua kwa ndani zaidi, kwa sababu karo ndiyo iliyonitoa darasani, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo mapema: nani analipa, na mwaka wa pili atalipa nini?

Kwa hivyo sikumchukia yule afisa, ingawa nilijaribu.

Wageni wa J-1 nao

Wakati tunangoja, nilimtafuta mhadhiri aliyenifundisha mwaka wa kwanza. Aliwahi kwenda Marekani kwa utafiti wa miezi sita. Nilidhani wakubwa hupita kwa urahisi. Alicheka.

Msomi mgeni, aliniambia, hajiombei DS-2019. Kwanza lazima apate mwenyeji, profesa anayemtaka kweli. Idara ya huyo profesa ndiyo inayopeleka ombi kwa ofisi ya kimataifa. Anahitaji uthibitisho wa pesa, uthibitisho kuwa anajua Kiingereza vya kutosha, na bima ya afya inayolipa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Bima si hiari, ni sharti la programu.

Pia kuna mafungu. Msomi wa muda mfupi hukaa hadi miezi sita. Mtafiti au profesa anaweza kukaa hadi miaka mitano, lakini akimaliza programu hiyo hawezi kuirudia mpaka miezi 24 ipite. Ukichaguliwa fungu lisilofaa, unaweza kujifungia nafasi kubwa kwa ajili ya safari ndogo. Kwa hivyo uliza kabla ya karatasi kuandikwa.

Halafu kuna kanuni ya miaka miwili. Ukienda kwa pesa za serikali, kwa mfano Fulbright, unatakiwa kurudi nyumbani ukae jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi kama H-1B au makazi ya kudumu. Kuna njia ya kuomba kuondolewa sharti hilo, lakini usiitegemee. Soma DS-2019 yako na viza yenyewe, huwa inaandikwa hapo.

Familia? Mume au mke wa mwenye J-1 hupata J-2 na anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Wa mwenye F-1 hupata F-2, na huyo haruhusiwi kuajiriwa.

Na kama ni mhadhara wa wiki moja tu, chuo mara nyingi hakihitaji kudhamini chochote. Huandika barua ya mualiko, na mgeni huomba viza ya kawaida ya B-1. Anaweza hata kupokea bahasha ya shukrani, mradi shughuli zake zisizidi siku tisa katika chuo kimoja, na asiwe amelipwa na vyuo zaidi ya vitano ndani ya miezi sita.

Mdhamini naye ana mdhamini

Usidhani jina kubwa la chuo ni ngao. Mei 22, 2025, serikali ya Marekani iliiondolea Harvard idhini ya kuandikisha wanafunzi wa kigeni. Harvard yenyewe! Maelfu ya wanafunzi waliamka bila kujua kama bado wana haki ya kuwa nchini. Chuo kilikimbia mahakamani, na siku iliyofuata jaji akasimamisha agizo hilo. Siku chache baadaye balozi zikaambiwa zisitishe kupanga mahojiano mapya ya wanafunzi, na yalipofunguliwa tena Juni, waombaji walitakiwa kuweka wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii. Binamu yangu alipitia picha zake zote za tangu kidato cha tatu. Hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Na hapa kwetu si mageni. Tunakumbuka Uasin Gishu, wazazi wakiandamana Eldoret mwaka wa 2023 kwa sababu ya pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Wapo waliouza mashamba. Pesa zilikuwa zinapitia mikono ya watu wa katikati badala ya kwenda moja kwa moja kwa chuo. Ukikumbuka kitu kimoja kutoka makala haya, kiwe hiki: lipa karo kwa akaunti ya chuo chenyewe, na upate risiti yenye jina lako.

Uingereza mambo ni yale yale kwa majina tofauti. Chuo hukupa nambari ya udhamini inayoitwa CAS, pesa zako zikae benki siku 28 mfululizo, ulipie huduma ya afya pauni 776 kwa kila mwaka, na kama kozi inazidi miezi sita upimwe kifua kikuu kwanza. Hata vyuo vyetu hufanya hivyo. Mwanafunzi wa kigeni Nairobi anahitaji kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji, na chuo ndicho kinachomwandikia barua. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI.

Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipokodisha ndege kupeleka vijana 81 Marekani, kazi ngumu ilikuwa hiyo hiyo: kupata chuo kitakachosema ndiyo, na kupata atakayelipa. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alienda kwa mpango huo huo.

Mara ya pili

Binamu yangu hakumrudia wakala. Aliandikia ofisi ya chuo ukweli: nimenyimwa, mdhamini wangu hatoshi, naomba kuahirisha. Wakamkubalia. Mwaka huo alifundisha hesabu kwa watoto wa mtaa na kuandikia idara yake barua pepe kila baada ya wiki kadhaa, bila aibu. Mwishowe wakampa kazi ya usaidizi wa kufundisha: karo imelipwa, na posho ya kila mwezi juu. I-20 ikabadilishwa. Ada ya SEVIS hakulipa tena, kwa sababu aliomba viza ya aina ile ile kabla ya miezi 12 kuisha tangu anyimwe. Ya viza alilipa upya.

"Nani analipa?" afisa akauliza.

"Chuo."

Akaulizwa atafanya nini akimaliza, akajibu vizuri. Pasipoti ikabaki ubalozini. Kwa lugha ya Gigiri, hiyo ndiyo ndiyo.

Kabla ya kuondoka nilimsomea kanuni kama mzee wa mtaa. Usiingie Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20. Ukifika, jionyeshe ofisini mapema wakuandikishe kwenye mfumo. Kazi ni ndani ya chuo tu, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Na usipunguze masomo bila kuongea na afisa wako kwanza, kwa sababu ukiacha madarasa chuo kinalazimika kuripoti.

Hapo nilisita kidogo. Mimi nilipoacha chuo hapa, hakuna ofisi iliyogundua. Hakuna aliyepiga simu. Kule mfumo ungejua. Sijui kama ningeuchukia au ningeushukuru.

JKIA, mjomba yule wa taarifa za benki alikuwa anapanga mizigo. Akaichukua faili ya I-20 ili aifungie vizuri ndani ya sanduku kubwa, isipotee. Binamu yangu na mimi tulipiga kelele kwa pamoja.

"Hapana mjomba! Hiyo inakaa mkononi!"

Akaitoa, akampa, akaishika kona moja kidogo kabla ya kuiachilia. "Na mimi nilisema imetoka," akasema. "Nilikosea tarehe tu."