Chaguo-msingi la Kasi ya Kichakataji: Likae Wapi?

Katika mfumo endeshi wa Linux, nani apange mwenendo wa kasi ya kichakataji pindi kompyuta iwashwapo? Swali hili huachiwa mafundi, ilhali nishati inayotumika hutegemea kasi ya mapigo pamoja na mraba wa volteji. Kasi ikishuka, volteji nayo huweza kushushwa.

Kiini cha mfumo kina vidhibiti mwendo kadhaa (istilahi tuliyokwisha kuizoea katika mabasi na matatu). Ondemand, cha mwaka 2004, hupima jinsi kichakataji kilivyoshughulika. Schedutil, cha mwaka 2016, hupata taarifa kwa mratibu wa kazi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa Ubuntu iliacha kiini kianze kwa kasi ya juu, kisha hati ndogo ikangoja dakika moja ndipo ikabadili kidhibiti. Lilikuwa suluhisho la kiraka, lakini lilisomeka na kurekebishika.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kila milisekunde ubaki kwenye kiini, maana programu ya nje huchelewa. Uteuzi wa kidhibiti ni sera, nao ukae nje, mbele ya macho ya msimamizi. Tangu toleo la 5.9, kidhibiti cha kuanzia huweza kutajwa wakati wa kuwasha bila kukiunda kiini upya.

Istilahi “chaguo-msingi” humficha mchaguzi. Zabuni ya kompyuta za shule inayotegemea sola isipotaja kidhibiti, atakuwa amekichagua mtu asiyejua kwamba betri za hapo huisha saa kumi alasiri.